Hataza za vifaa tiba na malighafi: mambo ya msingi kwa wavumbuzi wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu

Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2017 uliuonesha Mkoa wa Kigoma kuwa wa kwanza nchini kwa kiwango cha maambukizi miongoni mwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopimwa mkoani humo alikutwa na vimelea vya malaria. Kinga ya kwanza ya watoto hao ni chandarua chenye dawa. Wananchi wengi hukipokea kliniki, shuleni au katika kampeni za ugawaji bila kufahamu kuwa nyuzi zake zilianza kama uvumbuzi uliolindwa kisheria, na kwamba sehemu ya historia ya uvumbuzi huo imeandikwa hapa Tanzania.

Makala haya yanaeleza hataza ni nini, jinsi inavyofanya kazi katika vifaa tiba na katika utengenezaji wa malighafi zake, na utaratibu ambao mvumbuzi wa Kigoma anapaswa kuufuata ili kazi yake isipotee. Mfuatano wa hatua una uzito mkubwa, kwa kuwa hatua ya kwanza ikikosewa, mara nyingi sheria haitoi nafasi ya kuirudia.

Maana ya hataza

Hataza ni haki ya kipekee inayotolewa na Serikali kwa mvumbuzi kwa muda maalumu. Katika muda huo, mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza wala kutumia uvumbuzi husika kibiashara bila ridhaa ya mmiliki. Kwa upande wake, mvumbuzi huuweka uvumbuzi wake wazi kwa maandishi na michoro, kwa kiwango ambacho mtaalamu wa fani hiyo akiusoma ataweza kuutekeleza. Muda ukiisha, elimu hiyo inabaki mali ya umma.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa haki hiyo ni Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987. Msimamizi wake ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Hataza hudumu miaka 10 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi. Muda huo unaweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano kila mara, iwapo mmiliki atathibitisha kuwa uvumbuzi unatumika nchini au ataeleza sababu za msingi za kutotumika kwake. Hivyo ukomo wake ni miaka 20. Mmiliki hulipa ada ya kila mwaka, na asipolipa haki yake hukoma.

Uvumbuzi hupewa hataza ukitimiza masharti matatu. La kwanza ni upya: usiwe umewahi kuwekwa wazi kwa umma. La pili ni hatua ya kiuvumbuzi: usiwe jambo ambalo fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angelifikia bila taabu. La tatu ni kuweza kutumika katika shughuli za uzalishaji, zikiwamo viwanda, kilimo, uvuvi na huduma.

Maboresho madogo yasiyofikia kiwango cha sharti la pili hayaachwi bila ulinzi. Sheria hiyohiyo imeweka cheti cha manufaa, ambacho hutolewa kwa kitu kipya chenye matumizi ya uzalishaji. Cheti hicho hudumu miaka saba na hakiongezwi muda. Kwa mafundi wa karakana ndogo, mara nyingi hiyo ndiyo njia inayolingana na kazi yao.

Chandarua: uvumbuzi ulio ndani ya uzi

Wazo la kutia dawa kwenye chandarua lilifanyiwa majaribio nchini mapema. Katika miaka ya 1980, watafiti waliokuwa Muheza, mkoani Tanga, walipima vyandarua vilivyochovywa katika permethrini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi ulioendeshwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulionesha kuwa matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Tatizo lilikuwa moja: dawa iliyochovywa ilitoka kila chandarua kilipofuliwa, na kaya nyingi hazikurudia kuchovya.

Ufumbuzi ulipatikana katika malighafi yenyewe. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilibuni njia ya kuchanganya permethrini na plastiki aina ya poliethilini ikiwa bado imeyeyuka, kisha kuivuta kuwa uzi. Dawa hubaki ndani ya uzi na kujitokeza juu kidogo kidogo. Iliyo juu ikiondoka kwa kufuliwa, nyingine hupanda kutoka ndani kuchukua nafasi yake. Chandarua cha aina hiyo, Olyset, kilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2001 kikiwa cha kwanza katika kundi la vyandarua vya muda mrefu. Kigezo cha kundi hilo ni kuendelea kufanya kazi baada ya kufuliwa mara 20 katika maabara na kwa miaka mitatu ya matumizi ya nyumbani. Kampuni nyingine zilipita njia tofauti, kwa kupaka dawa na gundi maalumu juu ya nyuzi za poliesta.

Mwaka 2003 Sumitomo Chemical iliipatia kampuni ya A to Z Textile Mills ya Arusha teknolojia ya Olyset bila kutoza mrabaha. Uzalishaji ulianza mwaka huohuo, na mwaka 2007 kiwanda cha ubia kati ya kampuni hizo mbili kilianza kazi. Mpango wa Hati Punguzo ulikuwa umekwishaanza mwaka 2004 kwa ajili ya wajawazito, na kampeni za ugawaji bila malipo zikafuata kuanzia mwaka 2009.

Tukio hilo linaonesha kazi ya leseni. Mmiliki wa hataza anaweza kutengeneza mwenyewe, kuuza haki yake moja kwa moja, au kumruhusu mwingine atengeneze kwa masharti waliyokubaliana, kwa malipo au bila malipo. Kwa Tanzania, leseni hiyo ilileta ujuzi wa kiwanda, yaani joto la kuyeyushia plastiki, uwiano wa dawa na namna ya kupima ubora. Mambo ya aina hii kwa kawaida hayaandikwi yote katika hati ya hataza.

Uvumbuzi haukuishia hapo. Mbu walijenga usugu dhidi ya dawa za kundi la permethrini, na aina mpya za vyandarua zikahitajika. Majaribio mawili makubwa yalifanyika Kanda ya Ziwa kwa ushirikiano wa taasisi za utafiti za ndani na nje ya nchi. La Muleba, mkoani Kagera, lilihusu vyandarua vilivyoongezwa kiambata kinachovunja usugu wa mbu, na matokeo yake yaliuwezesha uamuzi wa WHO wa mwaka 2017 wa kuvipendekeza. La Misungwi, mkoani Mwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, lilionesha kuwa vyandarua vyenye dawa mbili tofauti vilipunguza matukio ya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vyandarua vya kawaida vyenye dawa. WHO ilitoa pendekezo lake kuhusu vyandarua hivyo mwezi Machi 2023.

Bomba la sindano: uvumbuzi ulio katika umbo

Mfano wa pili uko katika kila kituo cha chanjo. Mwaka 1984, Mwingereza Marc Koska alisoma habari kuhusu hatari ya kuenea kwa virusi vya UKIMWI kupitia mabomba ya sindano yanayotumiwa zaidi ya mara moja. Bomba alilolibuni, K1, lina pete ndogo ndani yake. Mhudumu akishamaliza kusukuma dawa, kisukumio hujifunga. Akijaribu kukivuta tena, huvunjika.

Uamuzi wake mkubwa ulihusu utengenezaji. Alihakikisha bomba hilo linaweza kutengenezwa kwa plastiki ileile na kwa mashine zilezile ambazo viwanda vya mabomba ya sindano vilikuwa navyo, kwa marekebisho madogo tu, kisha akatoa leseni kwa watengenezaji. Pamoja na hayo, oda kubwa ya kwanza ilipatikana mwaka 2001, miaka 17 baada ya wazo. Kabla ya hapo, mwaka 1999, WHO, UNICEF na UNFPA yalikuwa yametoa tamko la pamoja la kuyataka mataifa yatumie mabomba yanayojifunga kwa chanjo zote ifikapo mwisho wa mwaka 2003. Mvumbuzi wa kifaa tiba hana budi kuhesabu kuwa sehemu kubwa ya muda wa hataza inaweza kupita kabla ya mauzo ya kwanza.

Kinacholindwa na kisicholindwa

Sheria ya Tanzania haitoi hataza kwa ugunduzi wa kitu kilichokuwapo katika maumbile, nadharia za kisayansi na za hisabati, wala kanuni za kuendesha biashara. Vilevile, haitoi hataza kwa mbinu za kumtibu binadamu au mnyama kwa upasuaji au tiba, wala kwa mbinu za kutambua ugonjwa. Lengo ni tabibu asizuiwe kumwokoa mgonjwa kwa sababu mbinu ni mali ya mtu mwingine.

Hata hivyo, bidhaa zinazotumika katika mbinu hizo zinaweza kulindwa. Mkunga wa Uvinza akibuni namna mpya ya kumweka mama wakati wa kujifungua, namna hiyo haisajiliwi. Akibuni kitanda chenye muundo mpya kinachowezesha namna hiyo, kitanda kinaweza kusajiliwa. Hali kadhalika, nyuzi za mti wa mchikichi, unaolimwa kwa wingi Kigoma, si uvumbuzi. Njia mpya ya kuzigeuza nyuzi hizo kuwa malighafi ya viungo bandia inaweza kuwa uvumbuzi.

Usiri kabla ya ombi

Tuchukulie fundi wa Ujiji ametengeneza machela inayokunjwa, inayofungwa kwenye mashua ili mgonjwa asitikiswe na mawimbi wakati wa safari kutoka vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo au Kagunga kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Amefurahi, na watu wanaisifu. Akaionesha katika mwalo wa Kibirizi, picha zikasambaa katika simu, na wiki kadhaa baadaye akaamua kutafuta hataza.

Kwa wakati huo, sharti la upya linaweza kuwa limekwishavunjwa, na aliyelivunja ni yeye mwenyewe. Upya hupimwa dhidi ya kila kilichochapishwa popote duniani, pamoja na kilichotumiwa au kuoneshwa hadharani nchini, kabla ya tarehe ya ombi. Nafuu ambazo sheria inazitoa ni finyu na za muda mfupi, na si salama kuzitegemea.

Anayehitaji kuonesha kazi yake kwa mfadhili, mwenye kiwanda au daktari wa kuijaribu kabla ya ombi, ahakikishe kwanza kuwa pande zote zimetia saini makubaliano ya kutunza siri. Mwanafunzi na mtafiti wajiulize swali hilohilo kabla ya kuchapisha makala au kuwasilisha mada katika kongamano.

Ombi lenyewe lina sehemu zinazojulikana: fomu ya ombi, maelezo ya uvumbuzi, madai, michoro inapohitajika, na muhtasari. Madai ndiyo mipaka ya haki. Fundi wetu akidai “machela yenye miguu minne ya bomba la chuma”, mshindani anaweza kutengeneza yenye miguu mitatu ya mbao na akawa nje ya mipaka hiyo. Akidai “machela yoyote ya mashua”, ombi litakataliwa kwa kuwa machela za mashua zilikuwapo. Dai linalofaa hutaja kile kilicho kipya, mathalani namna kiungo chake kinavyomeza mtikisiko. Kwa sababu hiyo inashauriwa kumtumia mtaalamu wa miliki bunifu katika uandishi wa madai.

Ziwa moja, nchi nne

Hataza ni haki ya eneo. Iliyotolewa na BRELA hutumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili wa biashara na mali. Hakuna hataza moja inayotumika dunia nzima. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999, hurahisisha maombi katika nchi nyingi, lakini kila nchi au ofisi ya kikanda huamua yenyewe kutoa au kutotoa haki.

Kwa Kigoma, jambo hili lina uzito wa pekee. Ziwa Tanganyika linagawanywa na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Soko la machela ya mfano wetu liko Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu kama lilivyo Kigoma. Kupitia Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, inayosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO), mvumbuzi anaweza kuwasilisha ombi moja na kutaja nchi wanachama anazozihitaji. Tanzania na Zambia ni wanachama wa itifaki hiyo. Burundi na Kongo si wanachama. Asiyeomba ulinzi katika nchi hizo mbili hana haki ya kumzuia mtu wa huko kutengeneza machela kama ile na kuiuza huko, ingawa anaweza kuzuia isiingizwe kuuzwa Tanzania.

Nchi zote nne ni wanachama wa Mkataba wa Paris, ambao humpa mvumbuzi haki ya kipaumbele ya miezi 12. Ombi likiwasilishwa leo Tanzania, mvumbuzi ana mwaka mmoja wa kuomba katika nchi nyingine zilizomo, na ombi lake la huko huhesabiwa kana kwamba liliwasilishwa siku ya ombi la kwanza. Muda huo ukipita, kipaumbele hakirudi.

Mkataba huohuo una kifungu kinachozihusu bandari. Chombo cha nchi nyingine mwanachama kinapoingia kwa muda katika maji ya nchi, vifaa vilivyomo kwa ajili ya mahitaji ya chombo chenyewe havihesabiwi kuwa vimevunja hataza ya hapo. Boti kutoka ng’ambo inayotia nanga Kigoma haizuiwi kwa sababu ya kifaa kilichofungwa ndani yake. Shehena ya vifaa hivyo iliyoletwa kuuzwa ni suala jingine.

Hataza si kibali cha kuuza

Cheti cha hataza humpa mmiliki uwezo wa kuwazuia wengine. Hakimpi ruhusa ya kuingiza bidhaa sokoni, wala hakithibitishi kuwa bidhaa ni salama. Kwa vifaa tiba, kazi ya kuhakiki usalama, ubora na ufanisi ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyopata jina na majukumu yake ya sasa mwaka 2019. Usajili wa TMDA na hataza ya BRELA ni mambo mawili, yenye maombi mawili na vigezo viwili.

Uhakiki wa usalama hufanyika kwa kuzingatia matumizi yaliyotajwa. Chandarua chenye dawa kimehakikiwa kwa ajili ya mtu aliyelala. Dawa ileile isiyomdhuru mtoto kitandani ni sumu kali kwa samaki na viumbe vya majini. Kukitumia kuvulia dagaa kunaathiri mazalia, kunakiuka masharti ya uvuvi kuhusu ukubwa wa macho ya nyavu, na kunaiondolea kaya kinga iliyokusudiwa.

Haki ya mvumbuzi na maslahi ya umma

Hataza haiondoi wajibu wa Serikali kwa afya ya wananchi. Sheria inaruhusu leseni ya lazima pale ambapo uvumbuzi hautumiki nchini inavyostahili, na inaruhusu matumizi kwa maslahi muhimu ya umma. Azimio la Doha la Novemba 2001, lililopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, lilitambua haki ya kila nchi kulinda afya ya watu wake katika kutekeleza mkataba wa miliki bunifu. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, zimepewa muda wa mpito hadi tarehe 1 Julai 2034, na kwa bidhaa za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033.

Kuna pia utajiri usiotumiwa vya kutosha. Hati za hataza zilizokwisha muda, au ambazo hazikusajiliwa Tanzania, zinaeleza kwa michoro jinsi ya kutengeneza maelfu ya vifaa. Kanzidata ya PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) inapatikana bila malipo. Fundi anayeipekua kabla ya kuanza kazi hujiokoa na gharama ya kubuni kilichokwishabuniwa, na huenda akapata mchoro anaoruhusiwa kuutumia bila kumwomba mtu.

Hatua kwa mfuatano

1. Tunza siri. Andika kumbukumbu za kazi zenye tarehe, michoro na matokeo ya majaribio.

2. Pekua kanzidata za hataza ili kujua kama uvumbuzi ni mpya.

3. Chagua aina ya ulinzi: hataza kwa uvumbuzi kamili, au cheti cha manufaa kwa maboresho madogo.

4. Wasilisha ombi BRELA, au kupitia ARIPO iwapo unahitaji zaidi ya nchi moja mwanachama.

5. Baada ya kupata tarehe ya ombi, onesha, jaribu na tafuta wabia. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ni miongoni mwa taasisi za umma zinazohudumia wabunifu.

6. Kabla ya miezi 12 kwisha, amua kuhusu nchi nyingine, zikiwamo jirani za ng’ambo ya ziwa.

7. Anza mapema taratibu za TMDA kwa kifaa tiba, na lipa ada za kila mwaka za hataza kwa wakati.